Picha ya Sekunde Mbili

Kabla ya ile picha, binti alikuwa mtafiti kama watafiti wengine wa maabara ya seli: anafika asubuhi, anavaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni, analaumiwa friji ikiachwa wazi. Baada ya ile picha wakamwita Bi Taa. Jina lilianza kwa utani kwenye foleni ya chai, na kabla wiki haijaisha hata mlinzi wa getini alikuwa analitumia, tena kwa heshima zote.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Ilionyesha seli za saratani zikiwaka kijani katikati ya giza. Kazi yao ilikuwa hivi: wanapika chembe ndogo mno, ndogo hata unywele mmoja ukiulinganisha nazo ni gogo, na chembe hizo ukizimulika kwa mwanga wa buluu zinatoa mwanga wa kijani. Wanazifunga pamoja na vitamini fulani ambayo seli za saratani zina uroho nayo. Seli zenye afya zinaonja na kuacha, za saratani zinabugia. Basi unazimwagia seli hizo chembe, unasubiri, unasuuza zile ambazo hazikushika, unaweka kioo chini ya hadubini, na penye mwanga ndipo penye ugonjwa. Mkuu wa maabara alikuwa na ndoto kwamba siku moja daktari mpasuaji ataona kwa macho yake mahali saratani inapoishia, asiache nyuma hata punje.

Kando ya picha hiyo kulikuwa na nyingine, nyeusi tii. Zilikuwa seli zilezile, ila hazikupewa chembe. Watu wa kazi hiyo wanaiita kioo kitupu, na asiye na kioo kitupu hana hoja, maana weusi wake ndio ushahidi kwamba mwanga wa picha ya kwanza umetoka kwenye chembe na si kwingine.

Mkuu wa maabara, profesa wa maneno machache na viatu vinavyosikika tangu mwisho wa korido, aliipeleka picha kwenye mkutano wa wataalamu, akapigiwa makofi. Jarida likaikubali makala. Mama yake Bi Taa naye akaomba nakala, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, akaiondoa hapo picha ya harusi yake mwenyewe. Kila mgeni aliyekanyaga pale alielezwa kwamba mwanangu huyu anaiwashia saratani taa, haina tena pa kujificha. Wageni waliitikia kwa adabu. Mmoja aliuliza kama hizo ni njegere.

Sasa kosa lenyewe. Siku ya kupiga picha, seli zilitoka hafifu, hazionekani vizuri. Kamera ya hadubini inakusanya mwanga kwa muda utakaoiambia, na ukiiambia muda mrefu, hata gizani itaona kitu. Kawaida yao ilikuwa sehemu ya kumi ya sekunde. Bi Taa akaongeza kidogo, akaongeza tena, mpaka akafika sekunde mbili nzima. Kijani kikajaa kwenye kompyuta, akacheka peke yake kwa raha. Kabla hajaweka kioo kitupu, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine iliwaka na kawaida yake, sehemu ya kumi ya sekunde, naye kwa pupa ya kukimbia kuwaonyesha wenzake hakutazama. Akakipiga kioo kitupu vivyo hivyo. Kikatoka cheusi, kama alivyotaka. Kwenye makala akaandika kile ambacho kila mtu pale anaandika bila kufikiri: sehemu ya kumi ya sekunde, picha zote.

Mpaka hapo hakuwa mwongo. Alikuwa mzembe, na uzembe una dawa yake. Lakini wiki mbili baada ya makala kukubaliwa, akipanga mafaili, aliziona namba ambazo kamera inajiandikia yenyewe chini ya kila picha. Ya kwanza, mbili. Ya pili, sifuri nukta moja.  Akatoa kioo kitupu kwenye friji, akakiweka chini ya hadubini, akaipa kamera sekunde mbili. Kikawaka kijani, karibu sawa na ile picha ya sebuleni kwa mama. Seli zina kamwanga kao kenyewe, na kila mtu wa kazi hiyo analijua hilo. Ukizikodolea kamera kwa muda mrefu zitang'aa tu hata kama hujazipa kitu. Chembe zao hazikuwa zimeshika chochote.

Ofisi ya profesa ilikuwa mlango wa tatu kulia, mwendo wa hatua ishirini. Bi Taa alipiga moyo konde, akatoka. Hatua ya kumi akakutana na profesa mwenyewe, ameshika simu, akamwambia kwamba amemaliza sasa hivi kumsifia kwa watu wa wizara. Bi Taa akatabasamu, akasema asante Profesa, akageuka kama mtu aliyesahau kitu. Alijiambia atasema kesho. Kesho ya mtu mwenye haya haina asubuhi, na yake ilikuwa hivyohivyo.

Angeumia peke yake, ingekuwa afadhali. Aliyeumia ni Mzee Suuza.

Huyu alikuwa fundi wa maabara, miaka thelathini na mmoja kwenye meza ileile ya dirishani. Jina alipewa kwa sababu ya kusuuza: mara tatu, si mbili wala nne, maji yateremke ukutani mwa sahani, usizipige seli usoni. Kila mtu pale alifundishwa na yeye kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kudondoshea matone, hata profesa enzi za uanafunzi wake. Bi Taa alipofika siku ya kwanza, mkono unamtetemeka mpaka tone likaanguka kwenye kiatu, ni Mzee aliyemwekea kiganja chini ya kifundo cha mkono na kumwambia apumue kwanza, seli hazina haraka ya kwenda popote.

Baada ya ile picha, maabara ilitakiwa kurudia jaribio mara nyingi kabla ya kwenda hatua ya pili, na kupika chembe, kupima na kusuuza kulikuwa kazi ya Mzee. Mwanga ukagoma. Mwezi wa kwanza walilaumu kemikali, wakaagiza nyingine. Mwezi wa pili wakalaumu tanuri, likaitiwa fundi. Mwezi wa tatu vitu vya kulaumu vilikuwa vimeisha, ikabaki mikono. Profesa alikuwa mtu mstaarabu, hakusema. Aliwaomba tu vijana wawe wanavihakiki vipimo vya Mzee baada ya Mzee kumaliza. Mtu aliyemfundisha profesa kupima sasa anahakikiwa na watu ambao pipeti waliijua juzi.

Mzee hakununa. Alijishughulikia mwenyewe kama anavyoshughulikia mashine mbovu. Alidondosha matone ya maji kwenye mizani, moja moja, ishirini kwa mfululizo, akaandika uzito wa kila tone nyuma ya boksi la glavu, akatafuta tone lililopotoka. Alikwenda kupima macho, akarudi na miwani mipya iliyomfanya aonekane mgeni. Aliacha kunywa kahawa. Siku moja kwenye chai alisema kwamba mikono yake imestaafu kabla ya mwenyewe. Watu wakacheka, maana alisema kwa namna ya kuchekesha. Bi Taa naye alicheka. 

Nyumbani alianza kukaa kiti cha upande wa mlango ili aipe mgongo ile fremu. Mama yake akamuuliza kulikoni, mbona amenywea hivyo, mwenye kusifiwa ndiye anayekonda? Bi Taa alijibu kwamba ni kazi nyingi. Haya ilikuwa imemjaa mpaka akawa anaiona mwilini: alikuwa hawezi kuitazama mikono yake mwenyewe akioga, mikono isiyo na kosa lolote ila moja.

Alijaribu njia ya kona, kama watu wote wanaotaka kuungama bila kuungama. Mchana mmoja alijisogeza kwenye meza ya dirishani, akamwambia Mzee, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kwamba pengine si mikono, pengine wajaribu kuiongezea kamera muda kidogo. Mzee akaweka pipeti chini, akamtazama juu ya ile miwani mipya.

"Huo ni udanganyifu, mwanangu," alisema, polepole, bila ukali wowote. "Ukiongeza muda, hata kioo kitupu kitawaka. Wewe uliandika sehemu ya kumi na ukapata. Nami nikishindwa kupata kwa sehemu ya kumi, basi nimeshindwa. Sitakuchafulia kazi yako kwa kutafuta njia ya mkato."

Bi Taa aliitikia kwa kichwa. Alikwenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia mpaka maji yakakatika. Angeweza kurudi palepale na kusema. Alinawa uso, akaenda kuandika lebo za chupa.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha saa tatu, Mzee alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliomba kwa unyenyekevu atolewe kwenye meza, apelekwe stoo akagawe chupa na glavu kwa mwaka uliobaki kabla ya kustaafu. Alisema hataki kuwa sababu ya kazi nzuri kuchelewa, kuna wagonjwa huko nje. Alisoma bila kutazama mtu. Profesa alisema anakubali kwa masikitiko, akamshukuru kwa utumishi wake, na watu wakapiga makofi yale ya kutojua mikono uiweke wapi.

Kisha Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa pipeti yake, ile aliyoizungushia utepe mwekundu shingoni ili isichanganywe na za wengine. Akazunguka meza mpaka kwa Bi Taa.

"Nakuachia wewe," alisema. "Mkono uliouleta mwanga ndio unaostahili."

Watu wakapiga makofi tena, safari hii kwa moyo. Bi Taa aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameshavishwa vilemba vya ukoka vingi tangu ile picha, lakini hiki kilimlemea shingo. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, ikabidi aseme.

"Hakuna mwanga," alisema. "Haukuwepo hata siku ile. Mzee hajakosea kitu. Mimi ndiye niliyekosea."

 Halafu mtu mmoja akatoa sauti ile ya kuonea huruma, na Bi Taa akaona nyuso zote zimelainika. Hazikuwa nyuso za watu walioelewa. Profesa alimwambia kwa upole kwamba wote wanajua anavyompenda Mzee, kwamba moyo wake ni mzuri, lakini sayansi haiendeshwi kwa huruma. Mzee mwenyewe alimshika bega.

"Usijichafue kwa ajili yangu, binti yangu. Mimi nimeshakubali."

Hapo ndipo Bi Taa alipoijua hasa haya. Miezi minne alikuwa ameogopa kwamba akisema ataonekana mwongo. Sasa amesema, na anaonekana mtu mwema kupita kiasi. Wamemwamini mno hata wanakataa kumwamini. Angenyamaza hapo, angetoka kwenye kikao na sifa mpya juu ya zile za zamani, na kwa nukta moja, tusimfichie, alilifikiria jambo hilo. Lile bega lililoshikwa lilikuwa linamchoma.

Aliwaomba waje naye kwenye chumba cha hadubini. Walimfuata, wengine wakitazamana. Alichukua kioo kitupu ambacho Mzee alikuwa amekiandaa asubuhi ileile, kikiwa na tarehe kwa mwandiko wake ulionyooka, akakiweka mahali pake, akazima taa ya chumba. Akapiga kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Cheusi. Akaandika mbili, akapiga tena. Kijani kikatokea kwenye kompyuta, seli moja moja, kila moja na mwanga wake. Halafu akafungua faili la picha iliyopigiwa makofi, akasogeza mpaka chini, kwenye namba mbili, akanyoosha kidole. Hakueleza. Kila aliyekuwa mle alikuwa mtu wa kazi hiyo.

Profesa alizisoma namba, akazisoma tena, akavua miwani.

"Umelijua lini hili?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia tangu mwanzo. Kosa la kamera mtu angeweza kulisamehe kabla ya chai. Alitamani aseme jana, au wiki iliyopita, na ulimi ulishaanza kujikunja kuelekea huko.

"Wiki mbili baada ya makala kukubaliwa," alisema. "Miezi minne sasa."

Profesa hakumfokea. Alisema tu kwamba anakwenda kuwapigia watu wa jarida waiondoe makala, na kwamba mchana amwone ofisini. Viatu vyake vikasikika korido nzima. Wengine walitoka mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake, hakuna aliyemwita kwa jina lolote. Mlangoni mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba alimwona Mzee siku moja stoo amekaa juu ya boksi, peke yake, akiitazama mikono. Alisema kama anayejisemea, lakini alihakikisha amesikika.

Akabaki Mzee. Alikuwa bado amesimama mbele ya kompyuta, kijani kikimpiga usoni na kwenye miwani. Bi Taa alisema nisamehe baba. Alisema tena. Mzee hakuonekana kusikia. Aliinua mikono yake yote miwili kwenye ule mwanga, akaigeuza, viganja juu, viganja chini.

"Kwa hiyo ni mizima," alisema.

"Ni mizima, Mzee. Haikuwa na kosa hata siku moja."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu kitu.

"Binti yangu wa mwisho amejifungua," alisema. "Mtoto wa kike. Kila nikienda wananiwekea kiti, wananiambia babu mpakate. Nawaambia nina mafua. Nawaambia nimetoka kwenye kemikali. Niliogopa nitamwangusha."

Mzee akaishusha mikono. 

"Ana wiki saba," Mzee alisema. "Sijamshika."

Alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo ya taka. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akalinyoosha mabega kama afanyavyo kila jioni. Ilikuwa haijafika hata saa nne na nusu asubuhi, na katika miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumwona akitoka kabla ya muda. Hakumuaga Bi Taa wala hakumlaani. Alipita karibu yake akiwa ameishika mikono yake kifuani, mmoja juu ya mwingine, akaenda.

Bi Taa alibaki na pipeti yenye utepe mwekundu, hajui aiweke wapi. Kutoka dirishani alimwona akivuka uwanja kwa haraka, karibu akimbie, mzee wa umri ule. Akahesabu wiki kurudi nyuma, saba, moja moja, akitafuta hata moja ambayo alikuwa bado hajui. Hakuipata.